Beseni la Ijumaa

Mwaka walioamua kunifanya mkubwa wa zahanati, waliamua kwanza nifanywe mtakatifu. Ukubwa niliutaka, sitaficha. Utakatifu sikuulizwa.

Nilikuwa dresa. Siku hizo za Mwingereza dresa ndiye aliyefunga vidonda, ndiye aliyepiga sindano na kugawa kwinini, na ndiye aliyelaumiwa mgonjwa akifa. Kazi hiyo niliisomea katika hospitali ya serikali kule tambarare, kisha nikapanda kurudi kwetu Upare, kwenye zahanati ya misheni iliyokuwa milimani juu ya Same, mahali ambapo ukungu huingia dirishani asubuhi bila hodi, na bandeji ulizoanika jana unazikuta zimelowa tena. Tulikuwa na wodi mbili za mawe, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na chumba cha dawa, na baraza ambapo wagonjwa wa kutwa walikaa kusubiri. Aliyetawala yote hayo alikuwa Sista mmoja Mzungu, mrefu, mkavu, mchapakazi kupita kiasi. Nchi ilikuwa ya Mwingereza, lakini pale mlimani serikali tuliyoijua ilikuwa yeye.

Basi ikaja habari kwamba Baba Askofu anamhamisha Sista akafungue zahanati nyingine mbali, na kwamba hii yetu itaachwa mikononi mwa mwenyeji. Mwenyeji mwenyewe ni mimi, nikionekana nafaa. Nisipofaa, yupo dresa mwingine, mtu wa nchi za mbali, ambaye alishafika Same na alikuwa anangoja tu gari la misheni limpandishe. Chasu, lugha yetu Wapare, hakujua hata neno la kuombea maji. Na wagonjwa wetu, hasa akina mama wa huku juu, Kiswahili chao kilikuwa cha salamu na cha kununulia chumvi. Mwanamke anayetokwa na damu atakueleza nini kwa Kiswahili cha kununulia chumvi?

Kwa hiyo nilikitaka kile cheo kwa moyo wote. Nilikuwa nimeomba choo cha wanawake mpaka nikachoka, jibu likawa subiri. Nikaomba maji ya mfereji yavutwe kwa bomba hadi wodini, subiri. Nikaomba mkunga, subiri, mwanangu, tumwombe Mungu. Nilijiapiza kwamba siku nitakayoshika mimi, choo kitachimbwa wiki hiyo hiyo.

Kumbe kati yangu na hicho choo kulikuwa na kitu kinaitwa malezi ya roho.

Aliyekileta ni Padri wa Same, Mzungu naye. Alinikalisha chini akaniambia kwamba mkubwa wa hospitali ya Kanisa si kama mkubwa wa bomani, kwamba huyu wa kwetu huongoza akiwa amepiga magoti. Nikaitikia, ndiyo Baba Padri. Sikujua kwamba anasema magoti yenyewe hasa, haya yenye ngozi na mifupa. Kuanzia hapo ikawa Misa alfajiri, halafu baada ya Misa nusu saa ya tafakari katika kikanisa kilichopakana na baraza ya wagonjwa. Nusu saa nzima! Wagonjwa wameshafika, wametembea toka gizani, nawasikia kupitia ukutani. Najua huyu anayekohoa hivi ana kifua kikuu, najua yule mtoto analia kwa sababu ya sikio, na mimi nimefumba macho natafakari upole. Upole gani, jamani? Nilikuwa natafakari jinsi ya kutokea dirishani.

Msinielewe vibaya. Sikuwa mpagani. Nilisali, na bado nasali. Lakini Padri alipopanda kila mwezi kunikagua, nilikuwa namwambia kwinini imekwisha, yeye ananiuliza sala zangu zinaendeleaje. Namwambia kuna mama amejifungulia njiani kwa kukosa machela, ananiuliza kama nina utulivu wa ndani. Sina! Utulivu wa ndani nitautoa wapi, kwinini imekwisha?

Halafu ndipo likaja beseni.

Kila Ijumaa, baada ya kufunga vidonda, ilinipasa nimwoshe miguu mgonjwa mmoja mbele ya watu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Sista ndiye aliyechagua mgonjwa. Wote wanaoweza kusimama wanaitwa, katekista anaanzisha wimbo, nami naingia na beseni la bati na taulo begani, napiga magoti, naosha, nafuta, tunasali. Kuosha miguu ya watu hakukunishinda. Nimeosha miguu yenye funza, nimeosha miguu iliyooza mpaka wenye nayo wakageuza pua. Kilichonikera ni yale maonyesho. Na wagonjwa nao, maskini, hakuna aliyewaeleza kitu wakaelewa. Mzee wa kwanza kuchaguliwa, mtu wa Vudee aliyelazwa kwa kichomi, alipoona watu wamemzunguka wanaimba kwa sauti ya chini na mimi nashika mguu wake kwa maji ya vuguvugu, alinyanyuka kitandani macho yamemtoka.

"Mnaniosha? Kwani nimekufa?"

Alivuta miguu yake akaificha chini ya shuka, na jioni ile wanawe wakaja kumchukua, kwa kuwa habari zilishafika kijijini kwamba zahanatini wanaosha watu kabla hawajakata roho. Nilimwambia Sista. Alisema tutawazoesha. Lo! Miezi mizima tukawa tunawazoesha.

Katikati ya mambo hayo akaja mama mkwe wangu.

Mke wangu ni wa upande wa Bombo. Huko Bombo mama yake alichomwa mguu na kijiti shambani, akapaka majani, akanyamaza, kwa kuwa yeye ni mtu wa kunyamaza, na kijiti kikazaa kidonda ndugu, kile kidonda kinachokula nyama usiku na mchana mpaka kiguse mfupa. Alifika kwetu amebebwa na shemeji zangu. Na sasa lazima nieleze jambo ambalo huku kwetu halikuhitaji kuelezwa. Mtu na mama mkwe wake hawakutani. Akiona unakuja njiani, anaingia migombani mpaka upite. Nyumbani kwako halali, chakula chako hali mbele yako, uso wako hautazami nawe wake huutazami. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Si kwamba mnachukiana. Ni heshima, na ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizonazo, maana huyo ndiye aliyekuzalia mke. Kwa sababu hiyo, ingawa binti yake alikuwa anakaa hatua chache tu kutoka pale, mama ilibidi alazwe wodini. Wodi ilikuwa nyumba ya Sista. Hapo aliweza kulala bila aibu.

Na kumtibu? Tulimtibu vizuri sana. Kulikuwa na mhudumu wa wodi ya wanawake, mama mmoja mjane mwenye mikono mepesi. Yeye akikaa na kidonda ndani, mimi nasimama nje chini ya upenu, nimeupa dirisha mgongo. Nasema, "Mwambie mama tunaanza kuosha, itauma kidogo." Mama anajibu, "Mwambie baba wa watoto, aendelee." Tunasikiana vizuri kabisa, lakini maneno yanapita kwa mhudumu. Mgeni angecheka. Sindano za penisilini nilizipima mimi, mhudumu akazipiga. Kile kidonda kilianza kusafika. Siku mhudumu aliponiita dirishani akanionyesha ile bandeji ya jana, kavu, bila usaha, bila harufu, nilifurahi mpaka nikasahau kuwa nina malezi ya roho.

Sista aliona. Macho yake yaliona kila kitu isipokuwa kilichokuwa mbele yake.

"Kwa nini yule bibi humgusi?" akaniuliza. "Wengine wote unawagusa."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, pengine vizuri zaidi, kwa sababu wakati huo nilikuwa bado na subira. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa pole pole, akasema ameelewa sasa ni nini kinanizuia kuwa kiongozi. Ni woga wa watu watasemaje. Ni kiburi.

Kiburi! Wiki ile ile akanitangazia kwamba Padri anakuja kwa ukaguzi wa mwisho, kwamba Ijumaa itakayofuata ndiyo ya kuamua, na kwamba nitakayemwosha siku hiyo ni yule bibi wa kitanda cha karibu na mlango.

"Sista," nikasema, "chagua mwingine yeyote. Nipe mwenye ukoma nimwoshe mpaka magotini. Nipe wodi nzima."

"Ndiyo sababu ni huyu," akasema.

Padri alipanda Alhamisi. Gari lilikuwa bado linafuka moshi nami nimeshafika. "Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padri." "Milele, amina, vipi mwanangu?" Nikamwaga yote. Alicheka kwa upole, akanishika bega. Akasema hata Petro alikuwa na mama mkwe, naye aliugua, na katika Injili aliponywa kwa kushikwa mkono.

"Aliponywa na Yesu, Baba," nikasema. "Hakuponywa na Petro."

Uso wake ukawa mwekundu. Najua nilikosa adabu, lakini hata leo sioni nilipokosea katika maneno yenyewe. Aliondoa mkono wake begani kwangu. "Una majibu mengi," akasema. "Yule mwenzako wa Same hana majibu mengi. Kesho tutaona."

Nilikwenda nyumbani damu imenichemka. Mke wangu alikuwa anakoroga makande. Nilipomwambia, mwiko ulisimama sufuriani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Usimguse mama yangu." Baadaye kidogo, akiwa amenipa mgongo, akasema kwamba yule dresa mgeni akija hapa, yeye mwenyewe akishika mimba tena hatatia mguu pale, bora ajifungulie jikoni. Basi niambie, mtu ufanye nini hapo? Sikula. Nilikata shauri usiku ule kwamba sitaosha. Nitaingia na beseni, nitaliweka chini, nitasema kwa Kiswahili safi mbele ya wote kwamba sitafanya, na cheo waende nacho, na choo wakachimbe wenyewe.

Ijumaa wakajaa. Sista na masista wawili waliokuja na Padri, katekista na wimbo wake, wagonjwa wa kiume wamechungulia mlangoni. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani, amejifunika shuka mpaka kichwani. Mimi niliingia nikitazama sakafu. Niliweka beseni chini. Nikavuta pumzi ya kusema.

Kabla sijafungua mdomo nikasikia kitanda kinalia. Mama aliinuka akaketi, kaniki yake ameivuta usoni, haonekani hata jicho. Akatoa miguu yake miwili nje ya shuka, ule mzima na ule wa bandeji. Na kwa Chasu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa kubwa namna ile, akamwambia mhudumu:

"Mwambie aoshe. Mwambie wakimleta huyo mgeni, wanawake wa huku watamwonyesha nani wanapoumwa?"

Wazungu hawakuelewa neno hata moja. Waliona bibi kizee ametii.

Nilipiga magoti, kwa sababu aliyeamuru sasa ni yeye. Niliosha ule mguu mzima, na vidole vya ule mwingine vilivyokuwa nje ya bandeji, macho nimeyafumba. Alikuwa ameiuma ile kaniki. Nilisikia pumzi yake ikipita kwenye nguo. Wanawake wa vitanda vingine, mmoja baada ya mwingine, waligeuza nyuso zao ukutani, maana hilo ndilo mtu mwenye adabu angeweza kufanya. Nilitamani ardhi ipasuke. Wimbo wa katekista ulikuwa na beti nyingi ajabu siku ile.

Nilipoinuka, Padri alikuwa analia. Machozi ya kweli, sisemi uongo. Akatuambia kwamba leo kiongozi amezaliwa, kwamba ameona kwa macho yake mtu amekivunja kiburi chake na kujishusha mbele ya mdogo. Akanikumbatia na mikono yangu bado inachuruzika maji.

Nilimfuata nje. Sikuweza kuliacha lile neno lipite. "Baba Padri," nikamwambia, "aliyejishusha humu ndani leo si mimi. Ni yule mama. Mimi nilikuja kukataa."

Alinitazama kwa upendo mwingi. "Unaona?" akamwambia Sista. "Haya ndiyo maneno ya mnyenyekevu."

Nilitaka kupasuka. Nikamwambia tena, kwa sauti ya juu zaidi, kwamba amenielewa vibaya, na kadiri nilivyobisha ndivyo walivyozidi kutabasamu. Hakuna kitu kinachochosha kama kusifiwa na watu wasiosikia. Nilipewa funguo za zahanati jioni ile ile, na yule dresa wa Same akarudishwa kwao kwa treni. Sista alipoondoka, aliniachia beseni lile kama zawadi. Nililipeleka jikoni, likawa la kuoshea viazi.

Mama naye aliondoka siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana, kwa fimbo, na mguu haujapona. Wazee wa ukoo wa mke wangu walikuja, tukachinja mbuzi, tukanywa dengelua, pombe yetu ya miwa, yakasemwa maneno ya kuondoa aibu, na aibu ikasemekana imeondoka. Mimi nikachimba choo. Wiki ile ile, kama nilivyoapa. Bomba likaja baadaye, na mkunga akaja, na akina mama wakawa wanashuka toka kila upande kueleza maradhi yao kwa lugha yao, mpaka baraza ikawa haitoshi. Padri alikisimulia kisa cha beseni kila mahali. Alikuwa ananiita niende kuwafundisha wengine unyenyekevu. Sikwenda hata mara moja, naye alisema huo nao ni unyenyekevu.

Mama hakuja tena. Nilimtuma mhudumu kwenda Bombo na dawa, lakini Bombo si hapa, na kidonda ndugu hakitaki kutazamwa mara moja kwa wiki. Nilimtuma mke wangu akamwombe arudi. Akarudi peke yake. Nikasema mwambie nitahama, nitalala kwingine, nitakaa wodi ya wanaume nisitoke. Mwambie aingie kwa mlango wa nyuma. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba mlango wa nyuma nao ni wa mkwe wake. Mvua za masika zilipokuja, kidonda kikaamka. Shemeji zangu walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali ya serikali kule Same, na kwa kuwa njia kubwa inapita mbele ya baraza yangu, walizunguka kwa njia ya mfereji, katika matope, ili asipite machoni pangu. Nilikuwa na penisilini kabati zima. Kule Same waliukata ule mguu juu ya goti.

Nilipandwa na hasira. Mke wangu aliporudi toka kumwuguza, nilimfokea yeye, kwa kukosa mwingine. Nilimwambia mama yake ni mkaidi, kwamba amejitakia, kwamba kama alikubali kuoshwa na mimi mbele ya watu wote, ni kitu gani tena kilimshinda kuingia katika jengo? Mke wangu alinisikiliza. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Asubuhi ya Ijumaa ile, kabla hatujakusanyika, alikwenda kumwamkia mama yake, na mama akamwambia, "Nifungie nguo zangu. Akishaniosha, hapa patakuwa kwake."

Nguo zilikuwa zimeshafungwa nilipoingia na beseni.